Kulinda, kwa Mujibu wa Koplo

Koplo hakuwa na tepe la tatu, na ndiyo maana hakuwahi kuitwa sajenti. Hakuwa na magego ya upande wa kushoto. Hakuwa na mke, maana marehemu alikuwa ametangulia, wala hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia kwamba kola ya shati imekaa upande. Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na miwani iliyotengenezwa kwa macho yake. Aliyokuwa akiivaa ilitengenezwa kwa macho ya mtu mwingine. Na hakuwa na cheti chochote cha shule chenye jina lake. Hayo mengine alikwisha yazoea, kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele, lakini hilo la cheti lilimkaa kooni.

Alikuwa kaimu mkuu wa walinzi katika kiwanda cha sabuni. Hilo neno kaimu lilikuwa limemganda kama kupe. Kila meneja mpya alimwambia kwamba akipata cheti cha elimu ya watu wazima atathibitishwa, na kila meneja aliondoka kabla cheti hakijapatikana. Basi jioni, zamu ikiisha, Koplo alikunja sare, akavaa shati, akaenda kwenye shule ya msingi ya jirani ambako madarasa mawili yaliachiwa watu wazima. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu, akajifunza sarufi na hesabu za sehemu kama mtu anayejenga ukuta wake mwenyewe: anapanga tofali, anapima, anapanga jingine, wala hataki kusaidiwa.

Walinzi wake aliwafundisha kama yeye alivyofundishwa jeshini, na somo kubwa kuliko yote lilikuwa kupokezana lindo. Mlinzi aliyewekwa mahali haondoki kwa sababu amechoka, wala kwa sababu mvua inanyesha, wala kwa sababu bosi amekohoa. Anaondoka akipokelewa. Anayempokea husimama mbele yake na kuuliza, "Lindo?" Naye hujibu, "Lipo." "Limepungua?" "Halijapungua." "Nipe." Hapo ndipo wa kwanza anasogea kando, na wa pili anakanyaga palepale alipokuwa mwenzake. Vijana wa mitambo walicheka mpaka wakachoka. Ikawa wakati wa chai wanapokezana kopo la sukari kwa maneno hayohayo, na lilikuwa limepungua kila siku. Koplo aliwaacha wacheke. Kumpokea mlinzi kabla zamu haijaisha ilikuwa kazi yake peke yake, na hakumwachia mtu mwingine yeyote, kwa kuwa aliamini hakuna mwingine anayeweza kuifanya bila kucheka.

Katika walinzi wote, aliyelishika somo hilo mpaka likaingia mwilini alikuwa binti mmoja mdogo wa umbo, waliyemwita Komando. Jina lilikuwa la utani. Sare ndogo kuliko zote ghalani ilimpwaya, na ncha za buti zake alizijaza magazeti. Nyumbani alikuwa na mama yake na mapacha wawili ambao baba yao aliaga kwenda kutafuta maisha na mpaka leo bado anayatafuta. Mshahara wa Komando ndio uliokuwa chungu, mwiko na kuni za nyumba ile.

Siku ya mkasa Koplo hakuwepo. Alikuwa kwa daktari wa meno, akiongeza orodha ya vitu asivyokuwa navyo. Asubuhi alimweka Komando kwenye mlango wa nyuma, penye chumba cha kostiki, ile dawa ya kutengenezea sabuni ambayo ikikugusa inakula nyama. Kufuli la mlango huo lilikuwa limevunjika na fundi alikuwa hajafika. Nyuma yake kulikuwa na kijia ambacho watoto hupita wakitoka shule. Koplo alimwambia, "Hapa huondoki mpaka nikupokee mimi," akaenda zake ameshika shavu.

Mchana lori lililokuwa likirudi nyuma liliangusha ukuta wa mbele. Maboksi ya sabuni yaliyokuwa yakisubiri kupakiwa yakabaki nje, uchi, na barabara ikayaona. Watu walimiminika kama walioalikwa. Naibu meneja alitoka mbio, tai ikimpepea begani, akiamuru walinzi wote waje mbele. Wote wakaja, isipokuwa mmoja. Naibu akamfuata kule nyuma, akamwamuru mara ya pili. Komando akajibu kwa adabu kwamba aliyemweka pale ni Koplo, na bado hajapokelewa. Naibu akamvuta mkono. Hakwenda. Naibu aliporudi mbele, sabuni ilikwisha pata wenyewe, na juma lile mtaa mzima ulipendeza kwa nguo nyeupe.

Kwenye chumba cha kostiki hakuna aliyejaribu kuingia. Na hilo ndilo lililomponza binti wa watu. Walinzi waliokwenda mbele walikuwa na michubuko na vifungo vilivyong'oka. Kila mmoja alikuwa na la kuonyesha. Komando hakuwa na kitu. Mlinzi akifanya kazi yake sawasawa hakuna linalotokea, na hakuna anayelipwa shukrani kwa jambo ambalo halikutokea. Akapewa barua ya kuachishwa kazi kwa kosa la kushindwa kulinda mali ya kiwanda. Aliruhusiwa kukata rufaa kwenye bodi, ofisi kuu, mwisho wa kuiposti ukiwa Ijumaa, ila rufaa hiyo ilitakiwa iandikwe na msimamizi wake. Msimamizi wake alikuwa Koplo.

Kesho yake Naibu alimwita Koplo ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakulizoea. Naibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, ambaye mbele ya bodi angeulizwa habari za sabuni, naye alihitaji jibu fupi. Alieleza kwamba kiwanda kinaandika kijitabu cha walinzi, na ukurasa wa kwanza unatakiwa kusema kulinda ni nini. Angependa Koplo auandike yeye, kwa kuwa ni mtu wa jeshi.

"Andika kijeshi, mzee wangu," alisema. "Kulinda ni kukabili. Kulinda ni kupambana. Adui akitokea, mlinzi anamwendea. Unanielewa? Ukiniletea ukurasa huo, naupeleka na jina lako chini, pamoja na barua ya kukuthibitisha. Cheti tutakisubiri mbele ya safari."

Koplo aliuliza habari za Komando. Naibu alichezea kalamu, akasema kwamba ukurasa huo huo utakuwa umekwisha mjibu Komando.

Koplo alitoka pale akihesabu hatua kama yuko gwarideni. Kuthibitishwa! Angeweza kuandika ukurasa huo akiwa amefumba macho. Na kusema kweli, mwenyewe aliamini kwamba kulinda ni neno la kambini, lililozaliwa kati ya bunduki na buti, neno la wanaume waliovaa mikanda. Lakini alipokaa nyumbani na karatasi, kalamu haikwenda. Kila alipoandika kwamba mlinzi humwendea adui, alimwona Komando na buti zake za magazeti, amesimama pale alipoambiwa asimame. Akaona afadhali kwanza ajue neno lenyewe limetoka wapi. Alikuwa mtu wa namna hiyo: akikwama kwenye jambo, alikwenda kulichimba shina.

Jioni alimweleza mkasa na kumwuliza habari za neno hilo mwalimu wa masomo ya jioni, dada mmoja mwenye umri wa kuwa bintiye, ambaye hakumwogopa hata kidogo. Mwalimu aliacha hesabu ubaoni, akafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Hebu tazama maneno ya kazi yako, Koplo," alisema. "Askari, jeshi, amri, bunduki, risasi: hayo tuliyapata kwa Waarabu. Koplo na sajenti tuliyapata kwa Waingereza. Lakini linda halikushuka na mgeni yeyote. Ni letu la tangu zamani, na lugha ndugu zinalo. Kwetu mimi, bibi akikwambia linda, anakwambia ngoja. Subiri hapo."

"Kungoja?" Koplo aliuliza, kama aliyetukanwa.

Seremala aliyekaa dawati la nyuma alidakia kwamba basi sasa anaelewa, miaka yote hiyo Koplo alikuwa hafanyi kazi, anangoja mshahara tu. Darasa likaangua kicheko. Koplo alikunja daftari lake. Kungoja ni kwa wagonjwa kwenye benchi la zahanati, aliwaza, na kwa abiria. Askari hangoji, askari hulinda. Aliondoka na hasira zake, na siku iliyofuata, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kupumzika, akaenda kwa dada yake mkubwa kutafuta mtu wa kumuunga mkono.

Dada yake alikuwa ukumbini akichambua mchele, ungo mapajani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyerudi na kiatu kimoja.

"We mtoto umesahau dungu?" aliuliza.

Koplo hakuwa amelisahau, ila alikuwa hajalifikiria tangu avae suruali ndefu. Dungu ni kile kichanja kirefu cha miti kinachosimamishwa shambani, watoto hupanda juu yake wakati nafaka inapokomaa ili kuwafukuza ndege. Kazi hiyo iliitwa kulinda. Hapakuwa na bunduki, palikuwa na kombeo, madebe na sauti ya mtoto mwenye njaa. Dada yake akamkumbusha mwaka ule walipolinda pamoja, yeye akiwa mkubwa na Koplo akiwa hata kombeo hajui kulishika.

"Ulikuwa na kiherehere," alisema. "Nikakuweka juu ya dungu, nikakwambia usishuke. Kundi likatua pembeni, ukaniomba ruhusa uwafukuze, nami nikakuachia, kwa sababu ulikuwa unalia. Ukashuka mbio, unapiga kelele, unafurahi kweli kweli. Wakaruka. Na wewe ulipokuwa kule pembeni na furaha yako, kundi jingine likashuka katikati. Wakala mpaka wakashindwa kuruka. Ndege hawana haraka, mdogo wangu. Wanangoja ushuke tu."

"Baba alikasirika?"

"Alikuja kuuliza nani alikuwa zamu juu. Wewe ulijificha nyuma ya debe, makalio nje. Nikamwambia mimi ndiye niliyemweka na mimi ndiye niliyemruhusu, mtoto hana kosa. Basi." Akapeperusha pumba. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba aulize debe?"

Walicheka wote wawili, kisha Koplo akarudi nyumbani. Sasa hakuhitaji tena kulazimisha kalamu. Jioni ile aliandika kurasa nne bila kunyanyuka. Aliandika kwamba kulinda ni neno kongwe kuliko kambi zote. Kwamba lilikuwa kazi ya watoto na wazee shambani kabla halijavishwa sare. Kwamba ndani yake mna kungoja, na kwamba mwenye kungoja mahali pake amefanya kazi nzima. Akayapanga maneno ya Waarabu upande huu na ya Waingereza upande ule, na linda akaliweka katikati kama bibi harusi. Alipomaliza alijisomea kwa sauti mara mbili, na kwa mara ya kwanza maishani akajiona msomi.

Alhamisi alimpelekea Mwalimu kabla ya darasa. Alikwisha amua kwamba hizo ndizo kurasa zitakazokwenda kwenye bodi kumtetea Komando, na alingoja sifa tu. Mwalimu alisoma polepole, kalamu nyekundu mkononi, na cha ajabu hakuitumia hata mara moja.

"Umeandika vizuri," alisema mwishowe. "Nitaomba nakala niwasomee wanafunzi. Lakini Koplo, bodi haitamrudisha mtu kazini kwa sababu ya mababu wa neno. Neno huzaliwa mahali, likatembea, watu wakalitumia watakavyo. Naibu wako akisema leo kulinda ni kupambana, nani atamzuia? Wewe mwenyewe juzi hukutaka hata kusikia habari za kungoja."

"Kwa hiyo nichane?"

"Sijasema uchane. Nina swali moja tu. Nani alimwambia yule binti asiondoke?"

Koplo alichukua kurasa zake, akazipitia moja baada ya nyingine kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Watoto na ndege walikuwemo, Waarabu walikuwemo, madungu yalikuwemo. Yeye hakuwemo. Katika kurasa nne nzima hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu aliyemweka Komando mlangoni, akamkataza kuondoka kwa amri ya yeyote isipokuwa yake, kisha akaenda kung'olewa jino bila kuacha mtu wa kumpokea. Alikuwa amejificha nyuma ya neno, makalio nje.

Hakuingia darasani jioni ile. Alikaa kwenye ngazi za shule mpaka jua likazama, akiyapima. Upande mmoja kulikuwa na ukurasa wa Naibu na kuthibitishwa, na kustaafu akiwa mkuu asiye kaimu wa mtu. Upande mwingine kulikuwa na karatasi ambayo, akiitia sahihi, ingewapa sababu ya kumwondoa yeye mwenyewe. Alijisikia hofu, na hakujidanganya kwamba haipo. Lakini kadiri alivyoitazama, ndivyo alivyozidi kuona kwamba hofu hiyo haikuwa na la kumwambia juu ya lililo sawa. Ilimwambia tu lililo gumu. Akainuka, akakung'uta suruali, akaenda nyumbani kuandika.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwanza ofisini kwa Naibu, kwa kuwa hakupenda kumfanyia mtu jambo nyuma ya mgongo wake. Alimkabidhi ukurasa wa kijitabu. Naibu aliusoma akiwa amesimama. Uliandikwa: Kulinda ni kubaki mahali ulipowekwa, na macho wazi, mpaka aliyekuweka au aliyemteua aje akupokee. Mkuu wa walinzi ataacha mtu wa kupokea kila anapoondoka, hata kama anakwenda kwa daktari.

"Hii siyo niliyokuomba," Naibu alisema.

Koplo akakubali kwamba siyo. Akamweleza pia kwamba ameandika rufaa ya Komando, na itaondoka leo, na akamweleza yaliyomo, yote, hata yale yaliyomuuma kuyatamka. Naibu alikaa. Alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ya bosi.

"Mzee wangu, unajichimbia kaburi. Yule ni binti tu, atapata kazi nyingine. Wewe kwa umri huo utakwenda wapi? Ukipeleka hiyo, mimi siwezi kukuthibitisha. Huenda nikaambiwa nikuondoe."

"Ukiambiwa, niondoe," Koplo alisema. "Nitakukabidhi lindo vizuri, hakuna kitakachopungua. Lakini mimi ndiye niliyemweka pale, bwana. Akifukuzwa kwa kunitii mimi, kesho nitamwambia nani asimame wapi?"

Naibu alifungua droo, akaifunga, kisha akauweka ule ukurasa juu ya faili, kwa namna ambayo Koplo hakuweza kujua kama unatunzwa au unatupwa. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nje ya posta Koplo alimkuta Komando kama walivyopatana, amekuja na mapacha wake, kila mmoja kwenye mkono wake. Hakuwa amevaa sare, na bila ile sare alionekana mdogo zaidi. Koplo alimpa barua aisome kabla haijafungwa, kwa kuwa ilikuwa habari yake. Alisoma akiwa amesimama juani, midomo ikitembea. Alipofika katikati aliacha kusoma.

"Afande, hapa umejitia wewe."

"Soma mpaka mwisho."

"Lakini watakufukuza."

"Huenda. Soma."

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba mlinzi huyo aliwekwa kwenye mlango uliovunjika kufuli, mbele ya dawa ya hatari, penye njia ya watoto, kwamba alikatazwa kuondoka na msimamizi wake, kwamba alitii. Ilisema: Mimi ndiye niliyemweka. Sikuacha mtu wa kumpokea, kwa kuwa sikumwamini mwingine yeyote kwa kazi hiyo. Kama palikuwa na kosa siku ile, kosa ni hilo, na ni langu. Mwishoni Koplo alikuwa amebakiza mistari mitatu tu ya zile kurasa nne, kuhusu ndege na dungu, maana alishindwa kuikata, na pia kwa sababu aliona wajumbe wa bodi nao ni binadamu, huenda wamo waliowahi kulinda.

Komando alimrudishia barua. Pacha mmoja alitaka kuishika, akakatazwa.

Ndani ya posta palikuwa na foleni, na Koplo akasimama kwenye foleni yake. Hakutoka hata aliposhawishiwa na mtu wa mbele kwamba dirisha la pili linakwenda haraka. Zamu yake ilipofika, alitoa kalamu, akatia sahihi, na chini yake akaandika cheo chake kama kilivyokuwa, Kaimu Mkuu wa Walinzi, bila kukwepa herufi hata moja. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi kwa brashi ya kopo la pale kaunta, na akaukandamiza ukingo kwa kiganja kizima, akakiacha kiganja pale mpaka karani akakohoa.

"Ya haraka au ya kawaida?" karani aliuliza.

"Ya kufika," Koplo alisema.

Karani alimtazama juu ya miwani, akabandika stempu, akagonga mhuri wa Ijumaa, akaitumbukiza barua kwenye gunia la ofisi kuu lililokuwa likifungwa mdomo.